Makosa Kumi na Manne

Mwalimu Kefa wa Kifanya alijifunza kusoma akiwa mtu mzima mwenye mke, na jambo hilo hakumruhusu mtu yeyote alisahau. Mchana alichimba mitaro ya barabara ya Serikali. Jioni alikwenda misheni kukaa benchi moja na watoto, nao wakimcheka kwa vile magoti yake yalivyofika karibu na kidevu. Miezi minane ilimtosha. Mwaka wa tatu alikuwa akifundisha yeye, katika shule ya udongo yenye madirisha yasiyo na vioo, na mwandiko wake ulinyooka hata mchungaji akampa kazi ya kuandika vyeti vya ubatizo.

Sasa mtu aliyepata kusoma kwa miezi minane, viganja vikiwa na malengelenge ya sururu, utamwambia nini juu ya mtoto anayeshindwa? Kefa alikuwa na jibu moja tu: uvivu.

Jibu hilo alilitumia kwa Anania, mwanawe wa kwanza. Anania alikuwa kijana wa kusimuliwa habari mara moja, naye akaisimulia tena bila kudondosha neno. Mbuzi akipotea, Anania alimtambua kwa alama ya kwato kati ya mbuzi wa kijiji kizima. Lakini mbele ya ubao alitoka jasho. Herufi aliyoijua leo, kesho aliitazama kama mgeni aliyeingia bila kubisha hodi. Kefa alimchapa. Alipoona fimbo haileti kitu, alimsimamisha pamoja na watoto wa mwaka wa kwanza, na wakati huo Anania alikwisha anza kuota ndevu. Watoto wakamtungia jina: Babu A-E-I.

Siku aliyoondoka, walikuwa wanakula. Anania alisema, "Baba, nakwenda Tanga. Kwenye mkonge hawamwulizi mtu kama anajua kusoma."

Kefa hakuinua macho. "Nenda. Lakini ua wangu usiukanyage mpaka siku utakayoniandikia barua kwa mkono wako mwenyewe. Si mkono wa karani, si mkono wa rafiki. Wako."

Mkewe, Tabea, aliacha kijiko hewani. "Baba Anania, neno hilo lirudishe."

"Limekwisha toka."

Anania akaenda kwa miguu mpaka Makambako, akatia dole gumba kwenye karatasi ya kambi ya manamba, akapanda lori pamoja na vijana wengine waliokwenda kukata mkonge. Siku tatu baadaye Tabea alikuwa bado anapika ugali wa watu wanne.

Mwaka wa pili barua ilifika.

Anwani juu ya bahasha iliandikwa na mtu mwenye mwandiko mzuri, na muhuri ulikuwa wa Tanga. Kefa aliifungua pale pale mlangoni mwa kanisa, watu wakitazama, maana alijua imetoka kwa nani na alitaka waone. Akakuta mistari sita ya penseli iliyokandamizwa mpaka karatasi imetoboka. Mstari wa kwanza uliandikwa *Bada mqenzi*.

Manamba waliorudi walikuwa wakisimulia kwamba kule pwani watu hula bada, ugali wa muhogo, mweusi, unaonata vidoleni. Kefa alisimama na ile karatasi akihisi damu inampanda masikioni. Mtoto amekwenda kwa walaji muhogo, amepata rafiki wa kumwandikia anwani safi kabisa, halafu ndani anamwita baba yake ugali.

"Ameandika nini?" Tabea alimwuliza mumewe alipofika nyumbani.

"Mzaha."

"Nisomee huo mzaha."

"Hausomeki."

Akachukua penseli nyekundu aliyopewa na misheni kwa ajili ya madaftari, akaketi mezani, akafanya kazi aliyokuwa akiifanya kila siku. Alikata kila neno lililoharibika akaandika juu yake lililo sawa. Alipomaliza alihesabu, na chini akaandika kwa ule mwandiko wake ulionyooka: *Makosa kumi na manne. Rudia.* Hakutia salamu wala jina. Akaitia katika bahasha mpya, akanakili anwani, akairudisha Tanga.

Barua nyingine haikuja. Kefa aliwaambia watu kwamba kijana wake ana moyo mgumu. Tabea hakuwaambia watu kitu. Aliacha tu kumwita mumewe Baba Anania, akaanza kumwita Mwalimu, kama wapita njia.

Ikapita miaka mitatu. Ukafika mwaka ule tuliotangaziwa malkia mpya, watoto wa shule wakapewa vibendera vya karatasi, na Ida, binti wa Kefa, akatimiza miaka kumi na minne. Ilikuwa zamu yake ya kupata kipaimara. Katekisimu aliijua yote. Ungemwamsha usingizini akakupa maelezo ya amri ya saba bila kusitasita. Lakini mchungaji alikuwa na desturi ya kumfungulia mtoto ukurasa wowote asome mbele ya usharika, na Ida alipofunguliwa ukurasa asioutarajia alinyamaza kama aliyezibwa mdomo. Mchungaji akamwambia asubiri mwaka mwingine.

Jioni hiyo Kefa alipofika nyumbani alimkuta mkewe amesimama mlangoni, mikono kiunoni.

"Huyu humgusi," Tabea alisema. "Mmoja umekwisha mfukuza. Huyu humgusi, Mwalimu."

"Nimesema nitamgusa?"

"Nakujua. Mpeleke Bulongwa kwa Sista wa hospitali akapimwe macho. Pengine haoni."

Kefa alilishika wazo hilo kwa mikono miwili. Macho ni ugonjwa, na ugonjwa hauna aibu. Sista akimpa mtoto miwani, basi, jambo limekwisha, na hakuna mtu atakayesema nyumba ya mwalimu inazaa wajinga.

Walikwenda siku nne, wakilala kwa wainjilisti wa njiani. Kadiri walivyopanda kuelekea Ukinga ndivyo baridi ilivyozidi, na asubuhi majani yalikuwa meupe kwa sakitu. Siku ya pili Ida alisimama, akaonyesha mlima wa ng'ambo.

"Baba, yule mama amebeba mtoto na kuni. Na sketi yake ina kiraka chekundu."

Kefa alikaza macho mpaka machozi yakamtoka. Aliona mlima. "Kiraka?"

"Nyuma, upande wa kushoto. Au wa kulia. Huo upande mmoja."

"Sasa wewe," Kefa alisema, "haya macho tunayapeleka kupimwa nini?"

Ida akacheka, na Kefa naye akacheka. Lakini ndani ya kicheko hicho kitu kilimchoma. Kama si macho, ni nini?

Sista Hulda alikuwa mama wa Kizungu mwenye mvi na Kiswahili kizuri, ila kila herufi ya *r* aliiviringisha kama mtu anayesaga. Alianza na macho. Alibandika ukutani karatasi yenye picha ndogo ndogo, ya kuku, ufunguo, kikombe, akamrudisha Ida nyuma mpaka mlangoni. Ida akazitaja zote, hata zile za mstari wa chini ambazo Kefa alidhani ni uchafu wa nzi.

"Macho ni mazima," alisema Sista. Kefa akainuka. "Kaa, Mwalimu. Sijamaliza."

Akampa mtoto sindano na uzi, uzi ukapita mara moja. Akamnong'oneza maneno akiwa nyuma yake, Ida akayasikia. Akamsimulia hadithi ndefu ya mtu na punda wake, yenye majina ya vijiji saba, kisha akamwambia aisimulie yeye. Ida akaisimulia pamoja na vile vijiji saba, akaongeza sauti ya punda.

Sista akacheka. "Punda wangu hakulia vizuri hivyo." Kisha akachukua kitabu cha mwaka wa kwanza. "Sasa nisomee hapa, binti. Polepole. Hapa hakuna anayechapa."

Kicheko kikatoka usoni mwa Ida. Aliweka kidole chini ya neno. Lilikuwa *bado*. Akasema "dabo," akatikisa kichwa, akasema "babo." Neno *mti* akalisoma "mtu," kwa kukisia. Neno hilo hilo *bado* lilipotokea tena mstari wa chini hakulitambua. Kefa alikunja ngumi juu ya goti. Aliijua kabisa namna hii ya kusoma. Alikwisha iona kwa Anania miaka sita.

"Sasa andika," Sista akasema, akimpa kibao na chaki. "Andika: baba analima."

Ida aliandika huku ulimi umetoka pembeni mwa mdomo. Ilichukua muda kama wa kumenya sufuria ya viazi. Alipomaliza aligeuza kibao, na Kefa akasoma.

*Bada analima.*

Akadhani macho yake yamemdanganya. Akainama karibu. Ile *b* ya kwanza ilikuwa imeangalia mbele, ya pili imegeuka nyuma. Ida hakuiona ile barua kamwe, maana ilikaa ndani ya nyumba usiku mmoja tu, mfukoni mwa koti la baba yake. Hakuna aliyemfundisha neno *bada*. Wala hakuwa anamtukana mtu. Alikuwa ameandika *baba*, na kwa macho yake lilikuwa *baba* hasa, naye alikuwa anamtazama Kefa kwa wasiwasi kujua kama amepata.

"Umeona?" Sista alisema. "Mwalimu, mtoto huyu anaona, anasikia, na akili anayo kupita wengi ninaowafahamu, mimi nikiwamo. Ila herufi hazitulii kwake. Zinageuka, zinabadilishana mahali. Ulaya wapo watu wa namna hii, na wengine wamesoma vyuo vikubwa kwa shida. Madaktari wanaita upofu wa maneno. Mimi jina hilo silipendi, maana si upofu."

"Si uvivu?" Kefa aliuliza. Sauti yake ilitoka ndogo.

"Mvivu hatoi jasho. Mshike mgongo."

Kefa akamshika. Katika ile baridi ya Bulongwa, gauni la mtoto lilikuwa limelowa.

"Mara nyingi jambo hili linakwenda na ukoo," Sista aliendelea, akifungua daftari lake. "Una mtoto mwingine wa hivi?"

"Sina," alisema Kefa.

Ida akainua uso, akamtazama baba yake. Sista akaandika alichoambiwa.

Kabla hawajaondoka aliwaonyesha namna ya kufundisha. Herufi moja kwa siku nyingi, ichorwe mchangani kwa kidole huku mtoto anaitamka, kisha iumbwe kwa udongo ashike umbo lake. Na alisema atamwandikia mchungaji kwamba mtoto aulizwe kwa mdomo. "Na ile penseli yako nyekundu, Mwalimu," alimalizia, kwa maana walimu wote wanayo, "iweke mbali."

Njiani kurudi Kefa alitembea mbele ya Ida siku nzima. Kichwani alikuwa akiitafuta ile barua ya Anania. Na hapo aligundua jambo la ajabu: makosa yake aliyakumbuka yote, moja baada ya jingine, kwa mpangilio, kama mtu anavyokumbuka majina ya watoto wa darasa lake. Lakini mtoto alikuwa akisema nini, hilo hakulijua. Hakuwahi kuisoma. Aliisahihisha tu.

Sasa alianza kuisoma, akitembea, miaka mitatu imechelewa. *Bada mqenzi*: Baba mpenzi. *Nimejaridu*: nimejaribu. *Mkono ni wagnu*: mkono ni wangu. *Nakumduka nyumdani*: nakumbuka nyumbani. Palikuwa na neno juu ya mama na neno juu ya homa. Na mstari wa mwisho, ule aliokuwa ameukata mara tatu kwa sababu ulikuwa na makosa matatu, *niamdie kama njie, dada*, huo alipoufungua aliketi kando ya njia.

Niambie kama nije, baba.

"Baba, unaumwa?" Ida aliuliza.

Akamwambia. Ilikuwa mara ya kwanza kulitaja jina la Anania mbele ya mtoto huyo tangu siku ile ya chakula. Ida alisikiliza mpaka mwisho.

"Ukamjibu nini?"

"Nilimsahihishia."

Ida alivuta jani akalipasua katikati kwa ukucha, taratibu, kutoka shina hadi ncha. "Basi sasa usimwandikie," alisema. "Mtumie maneno ya mdomo. Mimi nikiambiwa jambo kwa mdomo huwa silisahau."

Nyumbani Kefa alilala siku moja tu. Alimweleza Tabea yote, hata ile *sina*. Tabea alimsikiliza akiwa anapepeta mahindi, na alipomaliza alimfungia viazi na mahindi ya kuchoma kwenye kitambaa. "Nenda ukamlete," alisema.

Makambako wakati ule palikuwa njia panda, maduka machache ya bati, na kambi ya manamba. Karani wa kambi aliitwa Laurenti, mtu mnene mchangamfu, mwenye kalamu mbili mfukoni.

"Kamwene, mzee!" alimpokea. "Kwa umri huo mkonge utakukata wewe. Au umemleta kijana?"

"Namtafuta kijana. Anania, wa Kifanya. Alipitia hapa miaka mitano iliyopita."

"Miaka mitano! Mzee wangu, hapa wanapita kama siafu. Nitamjua kwa lipi?"

Kefa alifikiri. Alitaka kusema urefu, rangi, meno. Akasema, "Hajui kusoma. Pengine alikuwa na karatasi yenye maandishi mekundu."

Laurenti alikuwa amekwisha fungua mdomo kwa mzaha mwingine. Akaufunga.

"Maandishi mekundu," alisema. "Huyo hakupitia hapa miaka mitano iliyopita tu, mzee. Alirudi. Mwaka wa juzi, wakati wa mvua. Alishuka kwenye lori la Iringa, na mfuko wa sukari na kitambaa cha maua. Akanionyesha karatasi. Akacheka, mzee, mtu mzima, alicheka kama mtoto wa ubatizo. Akaniambia, 'Karani, baba yangu amenijibu. Hii nimeisoma mwenyewe, wiki nzima. Ameniambia rudi.'"

Kefa akashika ukingo wa meza.

"Nikaichukua," Laurenti alisema. "Mimi ndugu yako karani, kazi yangu kusoma. Nikamwambia, 'Si *rudi*, bwana. Kuna *a* hapa mwisho. *Rudia*. Anasema umekosa mara kumi na nne, uandike tena.' Wenzake wakapasuka kucheka. Na mimi nilicheka. Niseme uongo? Nilicheka."

"Akafanyaje?"

"Alikaa pale." Laurenti alionyesha gogo lililokuwa nje ya mlango. "Alikaa mpaka jioni. Kutoka hapo mpaka kwenu ni siku tatu. Kesho yake akaja kutia dole tena. Nikamwuliza jina, akaniambia, 'Andika lolote upendalo. Mimi sitalisoma.' Nikaandika, nimesahau. Tarsis, au Odilo, jina la mtu aliyekuwa mbele yake. Mwezi ule yalitoka malori sita. Tanga, Morogoro, Kilosa. Lipi alipanda, sijui. Sukari alinipa mimi."

Alivua kofia. "Mzee, wewe ndiye baba yake?"

"Mimi ndiye mwalimu wake," alisema Kefa, kisha akajisahihisha. "Mimi ndiye baba yake."

Hakurudi Kifanya siku hiyo, wala wiki hiyo. Laurenti alimpa mahali pa kulala, na kila lori lilipojaa alimruhusu aseme na watu kabla halijaondoka. La kwanza lilikuwa na vijana thelathini, wengi Wabena na Wakinga, wamevaa mablanketi, wengine bado wanatafuna maandazi ya mama zao. Kefa alisimama nyuma ya lori, kofia mkononi.

"Wanangu, sina barua. Nina maneno tu. Mtakapofika, popote mtakapofika, mwulizeni kila mtu wa kwetu. Mkimpata Anania wa Kefa wa Kifanya, hata kama ana jina jingine, mwambieni hivi: baba yako ameisoma barua yako. Haikuwa na kosa. Anasema rudi."

"Rudi," alisema kijana mmoja. "Tumesikia, mwalimu."

"Haikuwa na nini?" aliuliza mwingine kutoka nyuma, maana dereva alikwisha washa injini. "Barua yake ndiyo ilisema rudi, au ya nani?"

"Wewe kichwa chako boga," wa kwanza akamjibu. "Baba ndiye anasema."

"Sasa nani amekosa?"

Wakacheka. Kefa aliona maneno yake yameanza kugeuka na kubadilishana mahali kabla hata lori halijasogea. Miaka ishirini na mitatu alikuwa amesimama mbele ya vijana kama hawa, na kwa jambo kama hili alikuwa na neno moja, neno la kazi yake, alilokwisha litamka mara nyingi kuliko jina la mkewe. Likamjia lenyewe mpaka mdomoni. *Rudieni.*

Hakuweza kulitoa. Alisimama mdomo wazi katika moshi wa lori. Lori likaondoka, akaanza kulifuata, akishika ubao wa nyuma kwa mkono mmoja, akasema upya yeye mwenyewe, tangu mwanzo, polepole, neno kwa neno. Na lilipozidi mwendo akakimbia, mzee wa watu, akisema tena, na tena, mpaka ubao ukamponyoka.